Wengi Wenu ni Wezi: Kuisoma Upya Barua ya Bill Gates ya 1976

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja tu, imepigwa taipu, ina tarehe ya 3 Februari 1976. Aliyeiandika alikuwa na miaka 20. Aliielekeza kwa watu ambao Kiswahili hakijawapa jina zuri: kwa Kiingereza ni watu wa hobi, wanaonunua kompyuta kwa kupenda tu, si kwa kazi. Mimi nitawaita wapenzi, kama tunavyosema wapenzi wa Simba na Yanga, kwa sababu mpenzi halipwi mshahara. Yeye ndiye anayelipa kiingilio.

Barua hii inakumbukwa kwa neno moja, wizi. Kila anayesimulia historia ya kompyuta za nyumbani huifikia, huinukuu sentensi ile ya kwamba wengi wenu mnaiba programu, kisha huchagua upande. Ama Gates alikuwa kijana mwenye akili aliyeona mbali, ama alikuwa mchoyo aliyeharibu udugu. Nimeirudia mara kadhaa wiki hizi, sambamba na kitabu cha Steven Levy, Hackers, kilichotoka 1984, na pande zote mbili haziniridhishi. Barua hii isomwe kwanza kama barua: nani anasema, anamwambia nani, anaacha nini nje. Na sisi tunaosoma riwaya kwenye simu tuna sababu yetu ya kuisoma, nitaifikia.

Kwanza mashine. Mabishano ya nani alikuwa wa kwanza sitayaingia, maana hayaishi. Kuna Kenbak-1 ya 1971, iliyouzwa kama 40 hivi basi. Kuna Micral ya Wafaransa ya 1973. Kuna Mark-8, ambayo jarida la Radio-Electronics liliitangaza Julai 1974, na ukiagiza unaletewa michoro, mengine utajijua mwenyewe na vipuri vyako. Lakini iliyowasha moto ni Altair 8800, na iliuwasha kwa picha.

Jalada la Popular Electronics la Januari 1975 linaonyesha sanduku lenye swichi na taa, na maneno ya kumtangazia msomaji kwamba zama mpya zimefika. Ndani ya sanduku hilo hamkuwa na kitu. Mashine halisi, ile moja iliyokuwa imeundwa, ilipotea njiani ikisafirishwa kwenda New York, na jarida lilikuwa na siku zake za kwenda mtamboni, basi likapigwa picha ganda tupu. Kwa hiyo historia ya kompyuta ya nyumbani inaanza na kitu ambacho sisi wasomaji wa hadithi tunakifahamu vizuri: picha ya kitu kisichokuwepo, ambayo watu waliiamini mpaka wakatuma hela. Ed Roberts, mwenye kampuni ya MITS kule Albuquerque, alikuwa amekaribia kufilisika baada ya biashara yake ya vikokotoo kuporomoka. Alitarajia kuuza mia chache. Maagizo yalikuja kwa maelfu.

Walichoagiza kilikuwa nini? Kwa dola 397 uliletewa boksi la vipande. Unakaa chini na kifaa cha kuchomea risasi kama fundi redio, siku kadhaa, na ukimaliza bila kuunguza kitu unakuwa na chipu ya Intel 8080 na kumbukumbu ya baiti 256. Aya hii unayoisoma sasa hivi isingeenea humo. Hakuna kioo, hakuna kibodi. Unaandika kwa kupandisha na kushusha swichi za mbele, baiti moja, halafu nyingine, halafu nyingine, na jibu unalisoma kwenye vitaa vinavyowaka na kuzima. Umeme ukikatika, umerudi mwanzo.

(Mwaka uleule wa 1974, wakati Roberts anahangaika na sanduku lake, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mahesabu ya serikali yaliyokuwa yameingizwa kwenye mashine yalikuwa yamevurugika, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kwa hiyo mpenzi wa aina hii, hata angekuwepo Dar es Salaam, asingekuwa na cha kuchomea risasi. Nalitaja kwa sababu vitabu vya Marekani huandika kana kwamba dunia nzima ilikuwa ndani ya gereji moja.)

Gereji yenyewe ilikuwepo kweli, ya Gordon French kule Menlo Park, California. Tarehe 5 Machi 1975 walikutana humo watu 32 na kuanzisha kilichokuja kuitwa Homebrew Computer Club. Hapa ndipo Levy anapong'ara. Ukurasa wake bora, kwa maoni yangu, ni ule wa Steve Dompier, aliyeleta Altair yake kwenye mkutano, akaiweka juu yake redio ndogo, akaanza kuingiza swichi moja moja. Mtu akagusa waya, umeme ukakatika, akaanza upya. Alipomaliza, redio ikaanza kutoa wimbo wa The Beatles. Mashine haikuwa na spika. Alikuwa amegundua kwamba kelele za umeme wake zinaingilia redio, na kwamba kelele hizo zinaweza kupangwa. Watu wale walishangilia kama goli la dakika ya 90. Levy hatuelezei kwa nini walishangilia, anatuachia tuone wenyewe, na laiti angeandika hivyo kitabu kizima.

Sasa BASIC. Hii ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo kwa maneno badala ya swichi. Bila hiyo, Altair ilikuwa taarabu ya taa. Gates na rafiki yake Paul Allen waliisoma habari ya jarida, wakaiandika BASIC ya Altair bila kuwa na Altair. Allen alitengeneza programu ya kuifanya kompyuta kubwa ya Harvard ijifanye ni Altair, Gates akaandika juu yake, na kijana wa tatu, Monte Davidoff, akaandika sehemu ya hesabu za desimali. Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ukafanya kazi mara ya kwanza. Ni kazi ya ajabu, na mtu asiyeikubali hiyo asiendelee na mjadala huu.

MITS wakaitangaza, watu wakalipa, wakangoja. Juni 1975 gari la maonyesho la kampuni lilisimama kwenye hoteli moja ya Palo Alto, na wapenzi wakaona mashine ikiendesha BASIC wakati wao waliokwishalipa bado wanasubiri. Mtu fulani akaokota utepe mmoja. Ukaishia mikononi mwa Dan Sokol, aliyekuwa na mashine ya kurudufu nyuzi hizo kazini kwake, na mkutano uliofuata alikuja na boksi zima. Sharti lilikuwa moja: ukichukua, urudi na kopi zaidi ya ulizochukua.

Sasa ndiyo tuifungue barua.

Inaanza vizuri, tena kwa upole. Gates anasema kinachokosekana kwa wapenzi ni mafunzo, vitabu na programu nzuri, na kwamba kompyuta bila programu na bila mtu anayeielewa ni hasara. Mwalimu yeyote angetia sahihi. Halafu anahesabu: kazi ya kwanza ilichukua miezi miwili, lakini mwaka karibu mzima umeenda kwenye kuirekebisha, kuiongezea na kuiandikia maelezo. Muda wa kompyuta waliotumia una thamani ya zaidi ya dola 40,000. Wanaosema wanaitumia ni mamia, na wote wanaisifu, ila walioinunua hawafiki asilimia 10 ya wenye Altair. Ukigawa mapato kwa saa, anasema, unapata chini ya dola 2.

Mpaka hapo mimi niko naye. Ninaandika kwa kulipwa na ninajua hesabu ya saa inavyouma. Na hoja yake ya katikati ina uzito ambao wapinzani wake hawakuwahi kuuondoa: kwa nini vyuma ulipe, na maandishi uyachukue bure? Mtu analipa bodi bila kunung'unika, lakini kilichomo kichwani mwa mwenzake anakiona ni cha wote. Tena alikuwa anadai jambo ambalo halikuwa limezoeleka, kwamba programu ni utunzi na mtunzi wake ana jina. Kwa msomaji wa fasihi hilo si dogo.

Halafu barua inaharibika, na inaharibikia kwenye kiwakilishi. "Mimi" ya sentensi ya kwanza imekuwa "sisi" kwenye hesabu, na ghafla anatokea "ninyi", wengi wenu. Ninyi akina nani? Barua ilichapishwa kwenye jarida la klabu ya Homebrew, na kwenye jarida la MITS lenyewe. Kwa hiyo walioisoma ni pamoja na aliyelipa, aliyelipa na bado hajaletewa, na asiyekuwa na Altair kabisa. Wote wakaitwa wezi kwa pumzi moja. Ni kama mchungaji anayewafokea waliokuja ibadani kwa sababu ya wasiokuja. Aprili mwaka huohuo Gates aliandika barua ya pili akilegeza, lakini ya pili nani anaikumbuka?

Na kuna kilichoachwa nje, ambacho ndicho kilichowakera waliojua. Bei. BASIC ile, toleo lake dogo, uliipata kwa dola 60 kama umenunua na bodi ya kumbukumbu ya MITS. Bila bodi, dola 150. Bodi zenyewe zilikuwa na sifa mbaya, zilikuwa zinagoma, na wapenzi wakawa wananunua bodi za Bob Marsh na wenzake, ambazo zilifanya kazi. Kwa maneno mengine, mtu alitozwa mara mbili na nusu kwa kosa la kukataa bidhaa mbovu. Hili Gates halitaji. Inawezekana bei haikuwa mikononi mwake, maana mwuzaji alikuwa MITS, lakini msomaji wa barua haambiwi hata hilo. Anaambiwa yeye ni mwizi.

Halafu zile dola 40,000. Soma tena: anasema thamani ya muda waliotumia, hasemi walilipa. Sentensi imejengwa kwa uangalifu wa wakili. Kompyuta ya Harvard ilikuwa inaendeshwa kwa fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani, na kulikuwa na mnong'ono, uliochapishwa na mhariri wa jarida moja la wapenzi hao, kwamba kuuza kilichoandikwa juu yake ni jambo la kuulizwa. Na BASIC yenyewe kama lugha? Iliundwa Chuo cha Dartmouth 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz, ambao waliiachia kila mtu aitumie. Gates hakuwalipa, wala hakutakiwa kuwalipa. Sisemi kwamba kwa hiyo na yeye ni mwizi, hiyo ni hoja ya vijiweni. Nasema barua inayodai kila kilichoandikwa kina mwenyewe ingepaswa kuwataja waliotangulia, na haiwataji.

Jibu la wapenzi nalo husimuliwa vibaya. Inasemwa Gates aliwatukana, wakakasirika, wakaandika Tiny BASIC ya bure ili kumkomoa. Angalia tarehe. Dennis Allison alichapisha mpango wa Tiny BASIC mwaka 1975 kwenye gazeti la People's Computer Company, baada ya rafiki yake Bob Albrecht kumsukuma. Walitaka lugha ndogo ambayo hata mtoto angeimudu, inayoenea kwenye kumbukumbu finyu. Wasomaji wawili wa Tyler, Texas, wakatuma toleo lao. Barua za masahihisho zikaongezeka mpaka likaanzishwa jarida maalumu, Dr. Dobb's Journal, toleo la kwanza Januari 1976. Barua ya Gates ni ya Februari. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla swali halijaulizwa, na halikuandikwa kwa hasira. Liliandikwa kwa sababu watu walihitaji kitu, wakakitunga, wakaweka majina yao, na wakachapisha mstari kwa mstari ili msomaji aingize mwenyewe na akiona kosa aandike.

Kwangu mimi hii ndiyo fasihi ya kipindi hicho, kuliko barua. Jarida lile lilikuwa ukumbi wa malumbano ya washairi: huyu anatoa, yule anajibu kwa bahari ileile lakini fupi zaidi, baiti chache zaidi. Li-Chen Wang alipotoa toleo lake la Palo Alto mwaka huo wa 1976, pale juu ambapo mtu huweka tangazo la hakimiliki yeye aliweka mzaha: makosa yote yamehifadhiwa. Mzaha, lakini jina lake lilikuwepo. Naye Tom Pittman akaenda njia ya tatu, ambayo ndiyo naipenda. Aliandika Tiny BASIC yake kwa ajili ya chipu nyingine, akaiuza dola 5, akiamini kwamba ikiwa rahisi hivyo watu wataona afadhali kununua kuliko kuhangaika kunakili. Wakanunua.

Levy anayo haya yote ndani ya kitabu, lakini anayapanga kwa namna isiyonishawishi. Yeye ana imani yake, kile anachokiita maadili ya wadukuzi, kwamba habari zote ziwe huru, na anawapima watu kwa imani hiyo. Kwa hiyo Homebrew inakuwa bustani ya Edeni na barua ya Gates inakuwa nyoka. Shida ni kwamba kurasa zake mwenyewe zinambishia. Marsh alikuwa anauza bodi tangu 1975. Steve Wozniak aligawa michoro ya kompyuta yake bure klabuni, kweli, na mwaka 1976 huohuo yeye na Jobs wakaiuza kwa dola 666.66. Biashara haikuingia bustanini usiku. Ilikuwa imekaa mstari wa mbele ikinywa soda. Fred Moore, mwanaharakati wa amani aliyewahi kugoma kula akipinga mafunzo ya kijeshi ya lazima chuoni Berkeley mwaka 1959, ndiye aliyeitisha mkutano wa kwanza pamoja na French, na alitaka klabu iwe ya kugawana kweli. Hakudumu. Levy anampa kurasa chache. John Markoff, katika What the Dormouse Said cha 2005, anamtendea haki zaidi. Na wanawake kwenye sehemu hii ya Levy ni wapita njia tu, jambo ambalo mwaka 1984 labda halikumsumbua mhariri wake, lakini sasa linaonekana kama tundu ukutani.

Nilisema linatuhusu. Kila aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la simulizi anaijua barua hii hata kama hajawahi kumsikia Gates. Mwandishi anarusha sehemu ya 1 hadi ya 10 bure, kisha anasema zilizobaki lipia kwa simu, utaingizwa kundi la waliolipia. Ndani ya siku mbili, mmoja wa waliolipia ameshazihamishia makundi matatu mengine. Kesho yake asubuhi linashuka tangazo refu, herufi kubwa tupu: WEZI WAKUBWA NINYI. Na wanaolisoma ni wale waliolipa! Waliokopi wako kundi jingine, wanasubiri sehemu ya 47.

Mwandishi ana haki. Kazi ni yake, usiku kucha amekesha. Lakini tangazo lile huanguka palepale barua ya 1976 ilipoangukia: linamtukana aliyefika, na haligusi bei wala namna ya kulipa. Zipo simulizi ambazo kumalizia kwake kunagharimu kuliko kitabu cha dukani, na msomaji haambiwi zitaisha lini. Hapo mwandishi anamwuzia BASIC pamoja na bodi mbovu.

Upande wa pili nao usijifariji na Homebrew. Sokol na wenzake waligawa kitu ambacho kila mtu pale alijua kimeandikwa na nani. Kwetu, kitu cha kwanza kinachokatwa kabla ya kusambaza ni jina. Simulizi inafika kundi la tano haina mtunzi, na kundi la sita ina mtunzi mwingine kabisa, na namba yake ya kutumia hela. Hicho si kugawana, na hakuna maadili ya mdukuzi yeyote, hata yale ya Levy, yanayokifunika. Tukitaka kuwa watu wa Tiny BASIC, basi na sisi tutunge kitu, tuweke majina, tusahihishane hadharani.

Gates mwenyewe hakushinda kwa barua ile. Alishinda kwa kuacha kumdai msomaji. Mwaka 1977 zilipotoka kompyuta zilizokamilika, zenye kibodi, za kuchomeka ukutani na kutumia, Commodore waliilipia BASIC yake mara moja, wakaiweka ndani ya mashine ya PET, na mnunuzi hakuona tena bei wala utepe wa kunakili. Mwandishi wa simulizi aliyeko Mbagala hana Commodore wa kumwuzia. Anadai kichwa kwa kichwa, elfu moja moja, kwa watu ambao wengine hiyo elfu ni nauli ya kesho.

Hackers kimechapishwa tena na tena na si kigumu kupatikana. Ukikosa muda, nenda moja kwa moja sehemu ya pili, ile ya California. Barua ya Gates isome nzima kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote juu yake, haya yangu yakiwemo.